Sehemu ya Sita Ilisimuliwa Utemini

Dereva wa bajaji angeweza kunipigia simu, maana namba yangu anayo. Badala yake alikuja mwenyewe hadi Unyambwa asubuhi ya Jumanne, akaiacha bajaji barabarani, akatembea hadi mlangoni kwangu kofia ikiwa mkononi. Kijana huyu nimemzoea kwa makelele. Hajawahi kufika mahali bila honi yake kumtangulia. Kwa hiyo nilipomwona anakuja kimya niliweka chini sufuria niliyokuwa nasugua. Aliniamkia, nikaitikia, akauliza habari za nyumbani, nikamjibu, na tulipomaliza salamu zote kama inavyotakiwa ndipo akasema mzee wetu amefariki huko Issuna baada ya kuugua siku chache, na mazishi ni kesho saa nane. Akaongeza kwamba nafasi yangu kwenye bajaji ipo. Nilikaa kwenye ngazi. Machozi hayakuja wakati ule. Nilikuwa najiuliza ni mara ngapi nilikwenda kumtembelea tangu alipohamia Issuna, na jibu lilikuwa jepesi kwa aibu: nilikwenda mara moja.

Ninyi mnaonisoma gazetini kila Jumapili hamkumfahamu, au tuseme mlimfahamu bila kujua, kwa sababu niliwahi kumsema vibaya hapahapa bila kumtaja. Nitafika huko. Alikuwa fundi redio wa Utemini, hapa Singida mjini, mtu wa makamo, mgane asiye na mtoto, mwenye kibanda cha mabati kilichojaa redio ambazo wenyewe walishazisahau. Alikuwa mpole wa kukera. Ukimpelekea pasi iliyoungua atakuuliza kwanza iliunguaje, ulikuwa unanyoosha nguo gani, ulikuwa unakwenda wapi na nguo hiyo, na ukishamaliza kueleza unakuta umemwambia mambo ambayo hata dada yako hayajui. Wakati ule nilidhani ni umbea. Sasa nadhani hapo ndipo alipokuwa anachota hadithi zake.

Gemu ya kuchezea kwenye televisheni ilimfikia kwa njia ileile redio zilivyomfikia. Mtu alileta mashine ya gemu iliyokufa, iliyokutwa ndani ya gari kuukuu lililotoka Japani, akaiacha itengenezwe na hakurudi tena. Fundi akaifufua. Ndani yake mlikuwa na gemu moja tu: binti mwenye upanga mrefu anatembea katika nchi kame, na nyuma yake bikizee mwenye mzigo. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Watu wa mtaani wakaanza kusimama mlangoni, kisha wakaanza kukaa, na swali lao lilikuwa moja, huyu binti anasema nini? Fundi, ambaye Kijapani chake chote kilikuwa majina ya magari, akawajibu. Alisema huyu ni binti wa mtemi. Nchi ya baba yake haijaona mvua msimu wa tatu sasa, ng'ombe wanakufa, na yeye na mama mkwe wake wamefunga safari kwenda kuitafuta mvua kwa watu wanaoishi ng'ambo ya mto mkubwa.

Hivyo ndivyo zilivyoanza Jumapili za Utemini. Watu walikuja mchana, wengine wakiwa bado na nguo za kanisani, wengine wakitoka sokoni, Wakristo kwa Waislamu, na hakuna aliyeulizwa chochote isipokuwa kusogea kidogo mwenzake akae. Dereva wa bajaji ndiye aliyeshika pedi ya kuchezea, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote. Fundi alikaa kwenye kreti la soda pembeni ya televisheni na kusimulia kila kilichotokea, mtu kwa sauti yake. Mtemi alisema Kinyaturu cha wazee, kile ambacho hata mimi nakifuata kwa kukimbia. Askari walisema Kiswahili cha taarifa ya habari. Majitu yenye pembe aliyaita madalali wa mazao, na kila binti alipolikata moja, wakulima wa alizeti waliokuwamo walipiga makofi hadi mabati yakalia. Kampuni iliyotengeneza gemu hiyo ilipotoa sehemu ya pili watu walihangaika mpaka ikapatikana Dar es Salaam. Ikaja ya tatu, ya nne, ya tano. Kuna watu walichumbiana wakati wa sehemu ya pili na kuja na mtoto mgongoni wakati wa sehemu ya nne.

Mimi niliingia mle katika sehemu ya nne, na niliingia kwa kejeli. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nimeanza safu hii, nikadhani nimepata pa kuwachekea watu wazima wanaoacha kupalilia ili watazame mchezo wa watoto. Siku hiyo binti na mama mkwe walikuwa ukingoni mwa genge la mawe. Mwamba ulimeguka, binti akamdaka bikizee mkono, chini yao kina hakionekani. Kisha mikono ikaachana na bikizee akaanguka. Fundi aliinama mbele kwenye kreti lake. Halafu akasema kwa sauti ya yule bikizee, taratibu, "Mwanangu, umebeba vingi. Huu mzigo nautua mimi." Mbele yangu alikaa mama mmoja muuza mboga, mwanamke mwenye ulimi mkali ambaye nimeshagombana naye juu ya mafungu ya mlenda. Alijifunika uso kwa khanga na mabega yakamtikisika. Nilisikia baadaye kwamba wiki ileile alisafiri kwenda kwa mke wa mwanawe, ambaye walikuwa hawasemezani tangu harusi. Ile safu ya kejeli sikuiandika.

Sehemu ya tano iliishia pabaya. Binti amefika ukingoni mwa ule mto mkubwa baada ya safari yote. Jua linawaka, mbingu ni nyeupe haina hata wingu, na maji yanapanda mbele ya miguu yake. Anasimama, anatazama maji, na kioo kinakuwa cheusi. Tulisubiri sehemu ya sita kama tunavyosubiri mvua za Novemba, kila mtu na dalili zake. Miaka ikapita. Ndipo Jumapili moja dereva wa bajaji akaingia na simu yake akiwa amenuna, akatusomea kwamba kampuni imetangaza haitatengeneza sehemu ya sita wala nyingine yoyote. Wale mafundi waliotengeneza sehemu zote tano wamehamia kwenye gemu nyingine kabisa, gemu ndogo ya kutunza bustani ya maua.

Alituonyesha jinsi dunia ilivyopokea habari hiyo. Watu wa nchi ambazo hatutafika walikuwa wanatukana, wanalia mbele ya kamera, wanavunja diski zao kwa nyundo. Mmoja alisema ameibiwa ujana wake. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu Utemini hatukuwa na nafuu yoyote. Dereva alisema hawa watu ni wahuni, huwezi kumpakia abiria ukamshusha porini kwa kuwa umechoka kuendesha. Mwingine alisema mbona gemu inauzika, kichaa gani anaacha kinachouzika akapande maua? Mama wa mboga ndiye aliyeumia zaidi, na hoja yake haikuwa gemu. Alisema mtu mwenye adabu haondoki bila kuaga, na kwamba yawezekana wale watu hawajui kuna wanaosubiri. Waandikiwe. Wote wakakubali waandikiwe, na macho yakanigeukia mimi, mwalimu, mwenye Kiingereza.

Barua ile ninayo hadi leo. Ilianza kwa salamu, kwa sababu mama wa mboga alikataa katakata tuingie kwenye shida kabla ya kujuliana hali. Tuliwauliza wenye kampuni habari za kazi, habari za wazee wao, na kama kwao mvua zimeanza. Tukawaambia sisi wa Singida hatujambo. Ndipo tukaingia kwenye maswali. Je, binti alivuka mto? Ng'ombe wa mtemi wangapi wamebaki hai? Na yule mama mkwe aliyetua mzigo gengeni, je, huko nyumbani amewekewa matanga, au wanadhani bado yu njiani? Kila mtu mle ndani alikuwa na swali lake, na yote niliyaandika. Fundi peke yake hakuchangia neno. Alikaa kwenye kreti lake akifungua na kufunga kifuniko cha redio ambayo haikuwa na ubovu.

Kesho yake asubuhi nilikaa kuitafsiri. Nikaona ni vizuri nipate majina ya wahusika kama wenyewe wanavyoyaita, nikaingia mtandaoni. Nilisoma, nikadhani nimekosea gemu, nikatazama picha, na picha zilikuwa zilezile. Yule binti si binti wa mtemi yeyote. Ni mwizi wa vito anayesakwa, na upanga wenyewe kauiba. Hakuna ukame; nchi ile ni kame basi tu. Bikizee hana undugu naye. Ni jasusi aliyewauza wenzake, na pale gengeni binti alikuwa amegundua usaliti wake, akamwachia makusudi. Wale wenye pembe ni askari wanaotaka kumkamata. Mto ni mpaka wa nchi, akiuvuka ameponyoka sheria. Hakuna neno mvua katika sehemu zote tano. Nilisoma mpaka macho yakauma. Kwanza niliona aibu, mwalimu mzima niliyemsikitikia jasusi. Kisha nikakasirika. Kisha nikastaajabu, kwa sababu nilianza kupima ukubwa wa kazi yenyewe. Mtu mmoja, kwenye kreti la soda, miaka yote ile, alikuwa ametunga nchi nzima juu ya picha za watu wengine, papo hapo, bila kuandika popote, na hakuna siku hata moja ambayo mambo yake ya nyuma yaligongana na ya mbele.

Nilimfuata kibandani. Hakushangaa kuniona. Nilimwambia nimesoma, akanisogezea kiti, akaendelea kuchomelea waya. Nikamuuliza kama alijua hadithi ya kweli. Akaniambia kwamba diski ya sehemu ya tatu ilikuja na Kiingereza ndani yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeirudisha kwenye Kijapani kabla watu hawajafika, kwa sababu dereva wa bajaji alimaliza kidato cha nne na angesoma.

"Nilianza kwa kutojua, dada," akasema. "Nikaendelea kwa kujua. Wao wana mwizi na jasusi. Mimi niliwatazama wale wanawake wawili wanavyotembea, huyu mbele, huyu nyuma na mzigo, nikasema hapana, hawa ni mtu na mkwewe."

Nikamwambia basi barua tuiache, maana majibu yakija yatamuumbua. Alizima chuma cha kuchomelea. Akasema hana mke, hana mtoto, na watu wa Jumapili ndio ndugu alionao. Kinachomnyima raha si kuumbuliwa. Anachoogopa ni kwamba hadithi ikiisha, iwe kwa kampuni kuacha au yeye kusema ukweli, hajui kama kuna atakayekuja tena kukaa naye. Sijawahi kumsikia mwanamume wa rika lake akisema jambo kama hilo waziwazi. Kisha akanishangaza kwa kuniambia niitume barua kama ilivyo, nisibadilishe hata swali la matanga. Alisema wale watu ndio wenye picha, na mwenye picha ana haki ya kujua zilifika wapi.

Niliituma. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi, na ninakiri nilikuwa nimeshakata tamaa. Lilikuwa fupi na la heshima. Nililisoma Jumapili, kibanda kimejaa, nikitafsiri sentensi moja baada ya nyingine. Walituitikia salamu, walisema kwao mvua hunyesha mno. Walisema waliipenda kazi ile kwa moyo wote, na kwamba walipokaa kuanza sehemu ya sita waligundua hawana tena la kusema, wangekuwa wanarudia tu ili watu wafurahi. Waliona afadhali wakosee katika jambo jipya kuliko kusema uongo katika la zamani. Watu waliguna. Nikafika sentensi ya mwisho, nikaisoma kwanza kimoyomoyo. Ningeweza kuiruka. Mtafsiri akitaka kuiba hakuna wa kumkamata, na mle ndani mlikuwa na ushahidi wa kutosha wa hilo. Nikamtazama fundi.

"Isome yote, dada," akasema.

Nikaisoma. Iliandikwa kwamba huyo mama mkwe tunayemuulizia hawamtambui, hawakumtengeneza wao, ila kila aliyeisoma barua yetu pale ofisini ameomba kujua yaliyompata. Fundi akasimama, akashika ukingo wa televisheni, akawaeleza yote, tangu siku ya kwanza, bila kujitetea. Alipomaliza, dereva wa bajaji aliitupa pedi juu ya meza. Alisema ameshika kitu kile miaka yote akidhani anampeleka binti wa mtemi kwenye mvua, kumbe alikuwa anamtorosha mwizi. Akatoka. Tukasikia injini inawaka, na fundi akainamisha kichwa. Hapo nikaelewa kwamba ile hofu yake aliyonieleza inatimia mbele ya macho yetu, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa anasema neno la kuizuia. Aliyelisema ni mama wa mboga. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake, "Sasa mto alivuka, au hakuvuka?"

Fundi hakuelewa. Akarudia kwamba hakuna binti wa mtemi, alikuwa anatunga. Mama akamwambia hilo amelisikia, si kiziwi. Ameacha mboga juani, anauliza kuhusu mto. Wengine wakaanza kumuunga mkono. Nje, injini ikazimwa. Dereva akarudi akasimama mlangoni, mikono amekunja, amenuna vilevile, lakini amerudi.

Fundi akaizima televisheni. Alikaa kwenye kreti, na kwa mara ya kwanza tulimtazama yeye badala ya kioo. Akasema binti alisimama ukingoni akayalaani maji, kwa kuwa ametembea nchi nzima, amempoteza mama mkwe, na sasa mto umejaa siku hiyohiyo aliyofika. Akakaa chini akalia. Kisha akatazama juu akaona jua linawaka na hakuna wingu. Fundi akaishia hapo, akatutazama mmoja mmoja. Nanyi mnaonisoma mkiwa katika miji yenye mabomba huenda mtahitaji kuelezwa, ila mle ndani hakuna aliyehitaji. Makorongo yetu ni makavu sehemu kubwa ya mwaka. Korongo likijaa ghafla huku jua linawaka, kila mtoto wa Ikungi anajua maana yake, kwamba mvua imenyesha juu, huko maji yanakotoka. Na binti alikuwa ametoka juu. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Mama wa mboga alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Imenyesha kwao." Fundi akaitikia kwa kichwa. Yale maji binti aliyokuwa anayalaani ndiyo mvua aliyoifuata. Binti akainuka, akanawa uso mtoni, akarudi nyumbani.

Nimefundisha watoto kusoma kwa miongo kadhaa, nimesoma vitabu vingi, na sijawahi kuwa mahali ambapo watu walikaa vile. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alivua kofia yake akaiweka magotini. Niliwaza kwamba mafundi wa mbali walichora maji yanayopanda chini ya jua bila kujua wamechora nini, na mtu wa Utemini akaona ndani yake kitu ambacho wao wasingeweza kukiona hata wangepewa miaka mia.

Hadithi ingekuwa tamu kama ingeishia hapo, lakini watu tuna tamaa. Jumapili iliyofuata tulifika wote. Sasa tulikuwa tunajua utajiri tulionao, na dereva alikuwa amekuja na gemu nyingine mpya ili fundi atutungie upya. Fundi akakataa. Tukadhani anatudengulia. Akakataa tena wiki ya pili na ya tatu, na mwezi haujaisha akafunga kibanda, akahamia kwao Issuna kufuga nyuki. Ndipo nilipoandika ile safu. Wasomaji wa muda mrefu mtaikumbuka, niliandika juu ya watu wanaopewa kipaji na kukifukia, nikasema ni ubinafsi kuwanyima watu kitu wanachokipenda. Mlinipongeza sana kwa safu ile. Aliisoma, nasikia, akaikunja vizuri akaiweka.

Siku ile moja niliyokwenda Issuna tulikwenda kumbembeleza, ujumbe mzima kutoka mjini. Alitupokea vizuri, akatupa asali, akatutembeza kwenye mizinga kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kibandani. Alikuwa ameumwa na nyuki uso mzima na anacheka. Nikamuuliza anapata nini huku ambacho hakukipata kwetu. Akaniambia ngoma ikivuma sana hupasuka, na kwamba aliposema ile habari ya maji alisikia ndani yake kitu kimekamilika. Angeendelea, angekuwa anatuuzia kelele. Kisha akasema lililonichoma. "Kama mlikuwa mnanipenda mimi, dada, njooni mnione na nyuki." Nilirudi mjini nikiwa nimeudhika. Sikurudi tena. Nilikuwa nimependa Jumapili zangu.

Waliorudi ni mama wa mboga na dereva. Haya niliyajua Jumatano, mazishini. Kumbe kila mwezi yule dereva aliyetupa pedi alikuwa anampakia mama, na wengine wawili watatu kwa zamu, wanakwenda Issuna kukaa tu. Wakati mwingine fundi hakuwa na la kusema, wanakunywa chai, wanarudi. Mama ndiye aliyemuuguza siku za mwisho, mwanamke yule mwenye ulimi wa moto, na mke wa mwanawe akiwa pamoja naye. Na pale makaburini walifika watu wa Jumapili wote, hata wale walioolewa Manyoni na Itigi. Mzee wa ukoo, ambaye alidhani anamzika ndugu asiye na watoto, aliuliza mbele ya watu, hawa wote ni akina nani kwa marehemu. Tulitazamana. Dereva akajibu kwamba sisi ni wa nyumbani kwake. Mzee akaridhika, akatupa nafasi ya kutupia udongo pamoja na ukoo. Nikatupa wangu nikijua kwamba mimi, mwenye maneno mengi kuliko wote, ndiye niliyestahili nafasi ile kidogo kuliko wote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafikiria wale watu wa mbali wanaotunza bustani yao ya maua huku dunia ikiwatukana. Tulisema wametunyang'anya. Wametunyang'anya nini? Sehemu zote tano zipo palepale zilipokuwa, hakuna aliyekuja kuzichukua. Tulichokosa ni ambacho hakikuwepo bado, na tulikidai kama haki yetu. Tunamshangilia mtu kwa kile alichokitoa ndani yake, halafu kushangilia kwetu tunakugeuza kamba ya kumfungia pale pale. Mwalimu anayependwa asihame darasa. Mwimbaji arudie wimbo uleule mpaka sauti ikauke. Fundi asifuge nyuki. Na wanaodai hivyo ndio wanaojiita wapenzi wake. Nimejifunza nikiwa nimechelewa kwamba mtu aliyekupa kitu kizuri hana deni nawe, na kwamba kumpenda kunaanzia siku anapoacha kukupa.

Mniwie radhi, sasa najisema mimi. Nimeandika safu hii kwa miaka mingi, na miaka ya karibuni mnapenda ninapowakaripia wengine. Najua namna ya kufanya hivyo, hata nikisinzia naweza. Kuna maandiko mengine ninayoyataka, ya upole na ya hatari zaidi, sijui kama nitayaweza, na huenda hamtayapenda. Nimekuwa nikiogopa kuyaanza kwa sababu ileile aliyonieleza mwanamume mmoja kibandani kwake asubuhi moja, kwamba nikiacha hiki mnachokuja kukisikiliza, sijui nani atabaki. Jana nilimwandikia mhariri, akasikitika, akakubali. Hii ndiyo safu ya mwisho. Zilizotangulia ni zenu na zitabaki kuwa zenu. Mimi nipo Unyambwa, na mlango uko wazi kwa atakayekuja bila kutaka kusomewa kitu.